Mkwe wa Maji Moto

Mkaguzi wa mizani hakupokea neno kabla ya kulipima, na mumewe alilijua hilo tangu walipokuwa wachumba. Kwa hiyo siku ile mezani, Fundi aliposema, "Mke wangu, Jumamosi twende jangwani tukaoge maji moto," angekomea hapo angesalimika. Hakukomea hapo. Aliongeza bila kuulizwa: "Mimi mwenyewe sijawahi kufika. Nimesimuliwa tu."

Mkaguzi akaweka kijiko chini. Kazi yake ilikuwa kuzunguka masokoni na madukani na sanduku la mawe ya shaba, kuhakikisha kwamba kilo ya muuzaji ni kilo. Katika kazi hiyo alikuwa amejifunza mapema kwamba muuzaji anayekupokea mlangoni kwa kusema mizani yake haina neno, huyo ndiye wa kuanza naye.

"Nimekuuliza kama umewahi kufika?"

"Hapana. Nakwambia tu."

"Bafuni kuna maji moto. Nawasha hita sasa hivi."

"Si sawa. Yale yanatoka ardhini."

"Haya ya bafuni yanatoka wapi, mbinguni?"

Fundi alicheka, lakini kicheko chake kilichelewa kidogo, kama mshale wa mizani yenye kutu.

Jambo lenyewe halikuwa la kawaida. Fundi alihudumia mtambo wa kuchimba visima, na kazi ilimweka jangwani wiki nyingi kwa mkupuo. Akirudi likizo alijimwaga kwenye kochi na kochi likamkubali. Hata kiberiti kikiisha, alikuwa na hoja za kuonyesha kwamba kiberiti si lazima. Mtu wa namna hiyo kutaka kurudi kule kule kulikomchosha, kwa gari lake na mafuta yake, ili akaoge!

"Haya," akasema Mkaguzi. "Twende."

Jumamosi asubuhi, akitafuta dumu la maji nyuma ya kiti cha gari, mkono wake uliangukia mfuko ambao hakuufunga yeye. Ndani mlikuwa na shali nzito ya sufi, pakiti ya betri kubwa za redio, na viatu vya wazi vya kike, vipya, namba thelathini na sita. Mkaguzi alivaa arobaini na moja. Fundi mwenyewe alipenda kumtania kwamba ana mguu wa askari. Na redio ya nyumbani kwao ilitumia umeme wa ukutani.

Akarudisha kila kitu kama alivyokikuta, hata mkunjo wa shali.

Angeweza kumuuliza pale pale, mfuko mkononi. Lakini mkaguzi anayepiga kelele kabla ya kusoma mizani humpa muuzaji nafasi ya kuondoa sumaku chini ya sahani. Yeye hakutaka maelezo. Alitaka kujua kitu kimoja tu: kama ana mume, au ana sehemu ya mume. Na kabla gari halijawashwa alikuwa amekata shauri. Ikiwa ni sehemu, atarudi nyumbani peke yake na gari hili, na huyo bwana atabaki huko na maji yake ya moto. Ufunguo wa akiba akautia mkobani.

Kabla mtandao haujakatika alimpigia baba yake simu, kumwambia kwamba watakuwa mbali. Haikupatikana. Siku hizi Baba alikuwa mgumu kupatikana. Alikuwa seremala mstaafu, mjane tangu mama yake Mkaguzi alipofariki miaka minne nyuma. Alisema amehamia mji mwingine kupanga vyumba viwili na kufanya vikazi vidogo vidogo. Akitaka kumwona bintiye alikuja mwenyewe, hakupenda afuatwe. Simu ikishika, upande wake palikuwa na mvumo usiokwisha. "Ni feni," Baba alisema kila mara. Wakati mmoja aliwahi kugusia habari ya kutafuta mwenzake, na Mkaguzi akamjibu kwa namna ambayo mzee hakuigusia tena.

"Hapatikani?" akauliza Fundi, macho barabarani.

"Hapatikani."

"Atapatikana tu."

Lami iliisha, kikafuata kifusi, kisha njia ya magurudumu tu. Nchi ilipanda. Miti ilipungua mpaka ikawa vichaka, na vichaka vikapungua mpaka ikawa mawe. Ilikuwa jangwa la juu, la baridi. Jua lilikuwa kali lakini upepo uliopita kwenye upenyo wa dirisha ulikata masikio.

Walifika njia panda. Hapakuwa na kibao wala jiwe la alama. Fundi alishika mkono wa kulia bila hata kupunguza mwendo.

Mkaguzi akaliandika hilo kichwani.

Mbele kidogo, wakipanda mwinuko, Fundi alikata kushoto ghafla. Walipofika juu ndipo Mkaguzi alipoona sababu: upande wa kulia njia ilikuwa imeliwa na korongo ambalo lingemeza gurudumu zima.

"Umejuaje?"

"Nini?"

"Kwamba pana korongo."

"Nimeliona."

"Kutoka upande wa pili wa kilima?"

"Uzoefu," akasema Fundi, na kujitia kurekebisha kioo.

Mizani ya sahani haipimwi katikati tu. Ukiweka jiwe katikati, hata mizani ya mwizi inaweza kusoma sawasawa. Unalisogeza kwenye kona, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo uongo hutokeza.

"Hivi ulisema nani alikusimulia habari za chemchemi?" akauliza Mkaguzi, akimenya chungwa.

"Dereva wa bowza la maji."

"Aa." Akampa kipande. Wakaenda, wakaenda. Akazungumzia bei ya matairi, akazungumzia jirani yao anayeimba bafuni. Kisha, kwa sauti ile ile: "Na yule mpishi wenu, alipokwenda kuoga huko, alikaa siku ngapi?"

"Mpishi? Siku mbili hivi," akasema Fundi. "Alifurahi sana."

Mkaguzi akatazama dirishani. Mpishi hakuwa ametajwa na mtu yeyote.

Mara tatu njiani Fundi alikohoa, akashika usukani kwa mikono miwili na kuanza, "Mke wangu, kuna jambo..." Mara ya kwanza jambo likawa kwamba rejeta inahitaji maji. Mara ya pili likawa kwamba labda wale kwanza. Mara ya tatu alifungua kinywa, akakifunga, akasema mawingu ya huku ni mazuri. Mbingu haikuwa na hata wingu moja.

Chemchemi ilijitangaza kwa harufu kabla haijaonekana, harufu ya yai viza. Kisha mvuke ukatokea nyuma ya miamba, mweupe, ukilazwa na upepo. Maji yalitoka chini ya jabali na kujaza mabwawa mawili yaliyozungushiwa kuta za mawe, moja la wanaume, moja la wanawake. Yaliyofurika yalitambaa mtoni pakavu na kuacha ukoko wa chumvi na utelezi wa kijani. Kando palikuwa na nyumba ya mawe ya vyumba vichache, zizi la mbuzi, kamba yenye mataulo, na antena ya redio iliyofungwa kwenye mti uliokufa. Zaidi ya hapo, hakuna kitu mpaka upeo wa macho.

Gari halijazimwa sawasawa, mwanamke wa makamo akatoka ndani akijifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa mfupi, mwepesi, na miguu yake ilikuwa midogo. Mkaguzi aliitazama miguu kabla ya uso.

"Mkwe!" akapaza sauti yule mama. "Karibu, mkwe! Mbona mmechelewa?"

Fundi aligeuka rangi. Akainama kwa mkewe na kunong'ona haraka, "Huku ndivyo wanavyowaita wageni. Wote. Ni heshima tu."

"Ndiyo," akasema Mkaguzi.

Yule mama alifika, akamshika Mkaguzi mikono yote miwili na kuibana. "Na wewe karibu, mwanangu. Karibu sana. Pole na njia."

Mwanamke wa umri ule alistahili shikamoo, na Mkaguzi alilelewa na watu. Lakini aliizuia makusudi. "Habari za hapa," akasema, kama mtu anayeingia dukani na sanduku la mawe.

Yule mama akasita kidogo, akamtazama Fundi, kisha akasema, "Nzuri tu."

"Nakwenda... nakwenda kuangalia kule juu," akasema Fundi. "Choo. Nadhani choo kipo kule juu." Akapanda mlima kwa kasi ambayo kochi la nyumbani lisingemtambua.

Kwa hiyo Mkaguzi alibaki kwenye benchi mbele ya nyumba, na akaanza kazi. Mizani kabla ya kuwekewa chochote inapaswa kusoma sifuri. Ikiwa hapa kila mgeni huitwa mkwe, basi neno hilo halina uzito, na Fundi amesema kweli angalau mara moja tangu asubuhi. Alichohitaji ni wageni wengine.

Hakungoja sana. Pikapu ilikuja na mzee mmoja mwenye magoti mabovu na vijana wawili wa kumsaidia. Yule mama akawapokea. "Karibu mzee wangu. Karibuni kaka zangu. Bwawa la wanaume ni lile." Wakaja mume na mke, walimu kwa mavazi na kwa namna walivyosahihishana. "Karibu dada, karibu bwana." Akaja mfanyabiashara wa chumvi na punda wake. "Wewe tena? Deni la chai umelisahau?"

Mzee, kaka, dada, bwana, wewe tena. Mkwe hakuwepo hata mmoja.

Mkaguzi akainuka kutafuta chumba cha kubadilishia nguo, na hapo mlangoni akasimama. Mlango ulikuwa mpya, wa mbao iliyopigwa randa vizuri, na bawaba zake zilishikwa na skrubu ambazo mikato yake yote ilielekea juu, wima, kama askari kwenye mstari. Watu hawafungi skrubu namna hiyo; wanakaza mpaka inapokataa, basi. Kabati la chumbani kwake nyumbani ndilo pekee alilowahi kuliona likiwa na skrubu za namna hii. Lilitengenezwa na Baba, mwaka alioolewa. Na siku ile aliyekuwa akimshikia Baba mbao, akifundishwa na kusifiwa, alikuwa Fundi.

Kwa hiyo amewajengea na mlango, akawaza. Nyumbani bawaba ya jikoni inalia mwaka wa pili sasa.

Alisimama pale, kidole juu ya skrubu ya chuma baridi. Hakulia. Kulia kungekuja baadaye, kama kungehitajika.

"Shemeji yuko wapi?"

Aliyeuliza alikuwa msichana wa kiasi cha miaka ishirini na kitu, mikono imejaa mataulo. Aliuliza kwa uchangamfu, kama mtu wa nyumbani.

"Shemeji yupi?"

"Si Fundi? Alisema ataleta betri. Redio imekufa tangu juzi, mzee hana raha kabisa, anatusemesha sisi badala yake." Akacheka, akamtupia Mkaguzi taulo moja. "Shika hili, ndilo laini. Mengine yanakwaruza."

Mkaguzi alilishika taulo na kufanya hesabu. Mkwe kwa mama. Shemeji kwa binti huyu. Na kuna mzee ndani ya nyumba, kwa hiyo familia imetimia: baba mkwe, mama mkwe, shemeji. Huyu mwenye mataulo hawezi kuwa ndiye, maana mtu hamwiti mumewe shemeji. Basi katikati pana binti mwingine. Nafasi yake ilionekana wazi kama pengo la jino. Mkaguzi alijua kwamba binti huyo ndiye anayemfanya Fundi kuwa mkwe na shemeji. Hakujua sura yake wala alikofichwa.

Akautoa ufunguo wa akiba mkobani, akauviringisha ndani ya taulo, akaingia bwawani nao.

Ndani ya kuta za mawe upepo ulikoma. Mwalimu wa kike alikuwa ameshatoka, bwawa lilikuwa tupu. Maji yalimshika Mkaguzi miguu, magoti, kiuno, na kila yalipofika mwili ulitaka kulegea na yeye akaukataza. Taulo aliliweka jiweni, karibu na mkono.

Yule mama aliingia nyuma yake, amejifunga shuka, akakaa majini kwa mguno wa raha.

"Sogea huku, mwanangu. Hapo ulipo ni karibu na jicho la maji, litakuchemsha kama yai."

Mkaguzi akasogea. Mvuke ulipita kati yao.

"Unaishi hapa siku nyingi?"

"Nilizaliwa nyumba ile. Marehemu mume wangu wa kwanza ndiye aliyejenga kuta hizi."

"Una watoto wangapi?"

"Kuzaa nilizaa mmoja, huyo wa mataulo. Lakini mabinti ninao wawili."

Sauti ya Mkaguzi ilibaki ile ya kusomea namba. "Huyo wa pili ndiye mke wa Fundi?"

Mama wa chemchemi akamtazama vizuri. "Ndiye. Sasa mbona unaniuliza kama polisi?"

"Yuko wapi?"

"Yuko wapi nani?"

"Huyo binti yako wa pili. Mke wa Fundi."

Yule mama akatazama kushoto, akatazama kulia, kana kwamba labda kuna mtu mwingine amezama. Kisha akaweka kiganja chenye maji kwenye paji la uso la Mkaguzi.

"Mwanangu, joto limekupanda kichwani? Si wewe?"

 Maji yalibubujika kwenye jicho lake, yakanyamaza, yakabubujika tena.

"Mkwe... mumeo hakukueleza njiani?" akauliza yule mama, sasa polepole. "Baba yako alimwagiza. Alisema, 'Mwambie mkishavuka njia panda, hapo hawezi tena kushuka na kurudi kwa miguu.' Mimi nilipokuona hata shikamoo hunipi, nikasema basi, ameambiwa na amekataa. Ni haki yake."

"Baba yangu."

"Amepanda juu kuziba bomba tangu asubuhi. Bomba lenyewe halivuji. Anaogopa."

Mkaguzi aliliona lile pengo tena, lile alilolichora kwa uangalifu wote ule, na safari hii akaliona linavyomtosha yeye. Mkwe, kwa sababu Fundi amemwoa binti wa mume wa mama huyu. Shemeji, kwa sababu amemwoa dada wa yule msichana. Mlango ni wa Baba. Betri ni za Baba, ambaye hawezi kulala redio isiponong'ona. Hakuna ushahidi hata mmoja uliokuwa wa uongo. Alikuwa amewapima watu wote wa mahali pale, neno kwa neno: mzee, kaka, dada, bwana. Na tangu anashuka garini alikuwa akiitwa mwanangu, yeye peke yake, na neno hilo hakuliweka kwenye sahani.

"Kwani ulidhani nini?" akauliza mama wa chemchemi.

 Yule mama akalitazama taulo jiweni, akauona ufunguo wa gari ukichungulia, akamtazama tena usoni. Kisha akaelewa, na kicheko kikamtoka kikagonga kuta zote nne.

"Fundi? Fundi wa wake wawili? Yule anayemkimbia beberu wangu?"

"Tangu lini?" akauliza Mkaguzi.

Kicheko kikakatika. Yule mama alijua anaulizwa nini, na hakujitia hamnazo. "Alikuja mwaka juzi kwa ajili ya mgongo. Fundi ndiye aliyemleta. Tulioana mwaka jana, kabla ya majira ya baridi."

Mkaguzi alihesabu kutoka kaburi la mama yake hadi tarehe hiyo. Alitafuta kosa, akatafuta tena kutoka upande mwingine. Hakuliona.

Walipotoka bwawani, Baba alikuwa amesimama nyuma ya kamba ya mataulo, spana mkononi, miguu ya suruali imelowana ingawa bomba halikuvuja. Fundi alisimama hatua kadhaa nyuma yake, mtu mrefu namna ile akijitahidi sana kufichwa na mzee mfupi. Upepo uliyapiga mataulo, ukavuma kwenye antena, mvumo mmoja usiokwisha.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Umeoga?"

"Nimeoga."

"Maji yakoje?"

"Baba. Hii ndiyo ile feni?"

Mzee akatazama juu kama anayeitafuta. "Ndiyo hii. Haina swichi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia. Nilisema nataka mwenzangu wa kuzungumza naye. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Alikumbuka. Ilikuwa jikoni kwake, sahani mkononi. Alikuwa amesema: Basi tafuta na binti mwingine.

"Nikatafuta," akasema Baba, akimwelekezea kidevu yule msichana aliyekuwa akikunja mataulo na kusikiliza kwa masikio yote. "Mimi si mbishi."

Msichana akaficha uso kwenye taulo. Mkaguzi alimtazama baba yake, nywele zimezidi kuwa nyeupe, mgongo umenyooka kuliko alivyouona miaka mingi, na alitaka kukasirika lakini hakupata pa kuanzia. Akaenda garini. Akauchukua mfuko nyuma ya kiti, akarudi nao, akapiga magoti kidogo mbele ya mama wa chemchemi na kuviweka viatu vile miguuni pake, kimoja kimoja. Vilimtosha kabisa.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu." Yule mama alimshika bega na kumwinua. "Sasa kula kwanza. Kukasirika utakasirika umeshiba."

Jua lilikuwa bado na urefu wa kutosha walipoaga. Baba alimsindikiza mpaka garini na kumwomba asikae mwaka mzima bila kurudi. Hakumwambia asamehe kitu, wala yeye hakusema amesamehe. Walishikana mikono muda mrefu kuliko kawaida yao.

Fundi alizunguka upande wa dereva na kunyoosha kiganja. "Lete ufunguo, tuwahi."

"Wa kwako unao mfukoni," akasema Mkaguzi. "Naendesha mimi." Na akawasha gari kwa ule wa akiba.

Fundi aliutazama ufunguo kwa muda. "Huo ulikuwa wapi?"

"Mkobani."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

Hakuwa mtu mjinga. Aliingia upande wa abiria, akafunga mkanda. Nyuma yao mvuke ulipungua, ukawa uzi, ukaisha.

"Ulikuwa uniache huku, urudi nyumbani peke yako," akasema mwishoni.

"Ndiyo."

"Bila kuniuliza?"

"Nilikuuliza njia nzima. Umefika huku mara ngapi?"

"Mara nne. Tano, na leo."

"Ukaniambia hujawahi."

"Baba yako alinikalisha chini akanilisha kiapo..."

"Sijauliza Baba alikufanyaje."

 "Nilikuambia sijawahi. Nilikudanganya."

"Na mpishi?"

"Mpishi hajawahi kufika huku. Hapendi hata kuoga."

Mkaguzi hakucheka, ingawa kona ya mdomo ilitaka. Hilo ndilo lililobaki kumsumbua, naye aliligeuza kichwani huku gari likirusha mawe. Mume alikuwa naye, mzima, si sehemu. Hesabu ilikuwa imefungwa. Lakini sasa alijua pia jinsi mtu huyu anavyodanganya: kwa upole, akila chungwa, mikono imetulia kwenye usukani. Kwa miaka miwili alikuwa amelitunza jambo lenye ukubwa wa nyumba, na yeye, mwenye kazi ya kukamata uongo, hakuhisi hata mtikisiko wa mshale. Leo uongo wake ulikuwa mwema. Mizani haijui kama kinachozidi ni sukari au sumu.

"Haya, mheshimiwa," akasema Fundi, akijaribu utani kwa uangalifu, kama anayekanyaga ubao mbovu. "Nimefaulu, au nimefungiwa?"

"Mizani iliyopotoka haivunjwi. Inabandikwa lebo nyekundu, inapewa muda wa kurekebishwa, kisha inapimwa upya."

"Muda gani?"

"Mkaguzi hasemi siku atakayorudi."

"Na bawaba ya jikoni?"

"Hiyo kesho."

Njia ilianza kupanda. Fundi alijiweka sawa kwenye kiti, akakohoa, na safari hii alichokuwa nacho kikatoka.

"Juu ya mwinuko huu kuna korongo. Upande wangu. Kata kulia mapema."

Mkaguzi akapunguza mwendo. Hakukata. Aliupanda mwinuko polepole, gia ya kwanza, mpaka alipofika juu na jua likamjaa kiooni. Akakinga macho kwa kiganja, na akaliona korongo kwa macho yake mwenyewe, pale pale Fundi aliposema.

Ndipo akakata kulia.